Mgodi wa Saza Haukuishiwa Dhahabu

Oktoba 2025 bei ya dhahabu duniani ilivuka dola 4,000 kwa wakia moja kwa mara ya kwanza, na huku kwetu habari hiyo haikusubiri redio. Ukipanda gari la Chunya asubuhi utaisikia kabla hamjamaliza kupanda mlima: nani kapata duara, yaani shimo la mchimbaji mdogo, Itumbi, nani kauza ng'ombe akanunua karasha la kusaga mawe, nani kaacha chaki darasani na sasa yuko Matundasi. Mazungumzo yakifika Saza, ule mgodi wa zamani ulioko leo katika Wilaya ya Songwe, hadithi zinakuwa mbili. Ya kwanza inasema Wazungu waliumaliza, wakachota mpaka chembe ya mwisho, ndiyo maana wakafunga. Ya pili inasema waliacha mali nyingi makusudi, wakafukia mashimo na kuondoka na ramani ili warudi siku yao. Kila hadithi ina wafuasi, na kila moja imewafanya watu wazima wenye akili timamu waweke fedha mahali pasipostahili, au waache kuziweka mahali palipostahili.

Hadithi zote mbili zimekosea, na zimekosea kwa namna moja: zinatafuta jibu ndani ya mwamba, wakati jibu lilikuwa kwenye bei. Mgodi wa Saza ulikufa kwa sababu tangu mwaka 1934 bei ya dhahabu ilifungwa kwenye dola 35 kwa wakia, huku gharama za kuitoa zikizidi kupanda. Dhahabu iliyobaki chini haikufichwa na mtu. Ilibaki kwa sababu kuitoa kulikuwa hasara. Hili si jambo la wapenzi wa historia peke yao. Kinachowajaza watu Chunya na Songwe leo ni kitu kilekile kilichowaondoa mwaka 1956 Saza ilipofungwa, isipokuwa sasa kimeelekea upande wa pili.

Turudi nyuma. Dhahabu ya Lupa, yaani machimbo ya eneo hili la Chunya na Songwe, ilianza kufuatwa na watafutaji wa Kizungu mwanzoni mwa miaka ya 1920, muda mfupi baada ya Uingereza kukabidhiwa Tanganyika. Ilikuwa dhahabu ya mchanga, ya mitoni na kwenye vijito vinavyokauka kiangazi, ambayo mtu mwenye koleo, karai na vibarua wachache angeweza kuihangaikia bila mtaji mkubwa. Mji wa Mbeya wenyewe, ulioanza mwaka 1927, umekua kwa rashi ile ya watu kukimbilia dhahabu. Kisha yakatokea mambo mawili mbali kabisa na Lupa. Mwaka 1931 Uingereza iliacha kuifunga pauni yake kwenye dhahabu, na mwaka 1934 Marekani ikapandisha bei kutoka dola 20.67 hadi dola 35 kwa wakia. Jiwe lililokuwa halilipi jana likaanza kulipa. Wachimbaji wa Kizungu wakaongezeka kwa mamia, vibarua wa Kiafrika kwa maelfu: Wasafwa, Wanyakyusa, Wanyiha, Wandali, Wakinga, Wabena, na wengine kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Ndege za Imperial Airways za njia ya Cairo hadi Cape Town zilikuwa zikitua Mbeya. Kufikia mwisho wa miaka ya 1930, katika bidhaa ambazo Tanganyika iliuza nje, dhahabu ilikuwa inafuata nyuma ya mkonge.

Dhahabu ya mchanga, hata hivyo, huisha haraka. Ukishachuja mto umeuchuja. Anayebaki hana budi kuufuata mwamba wenyewe, na mwamba wa Lupa ni mishipa ya mawe meupe iliyopenya kwenye nyufa za miamba ya zamani sana, ikishuka kwenda chini kwa mteremko. Hapo mambo ya karai na koleo yanakwisha, yanaanza mambo ya kampuni. New Saza Mines iliendesha mgodi wa chini ya ardhi kuanzia 1939 hadi 1956, na katika miaka hiyo 17 ilitoa takriban wakia 270,000, yaani zaidi ya tani 8 za dhahabu. Kwa migodi ya wakati ule nchini, Geita pekee ndiyo iliyoizidi. Na angalia mwaka wenyewe wa kuanza. Vita Kuu ya Pili inalipuka, vipuri na mafuta vinakuwa vya mgao, Wajerumani waliokuwa wakichimba Lupa wanawekwa kizuizini, vijana wanachukuliwa jeshini. Mgodi uliovuka kipindi kile ukiwa unatoa dhahabu haukuwa mgodi wa jiwe maskini.

Wengi wetu tumezoea duara la mchimbaji mdogo: kamba, roba la mawe, matimba ya miti ya miombo, tochi kichwani. Mgodi wa kampuni una hayo yote kwa ukubwa wake, na una gharama moja isiyolala, nayo ni maji. Ukishuka chini ya kina cha maji ya ardhini, mwamba unavuja usiku na mchana, Jumapili na Krismasi, mvua inyeshe isinyeshe. Pampu lazima zifanye kazi hata siku ambayo hakuna jiwe lililopanda juu. Wafanyakazi wakigoma, pampu zinaendelea. Kinu kikiharibika, pampu zinaendelea kula mafuta. Na kadiri mnavyofuata mwamba kwenda chini, maji yanainuliwa umbali mrefu zaidi, jiwe linavutwa umbali mrefu zaidi, hewa inasukumwa umbali mrefu zaidi. Kwa hiyo kila mgodi wa chini ya ardhi unapanda gharama kwa kuzeeka kwake tu, hata kama jiwe la chini ni zuri sawasawa na la juu.

Sasa weka bei juu ya hesabu hiyo. Chukua tani moja ya mawe yenye gramu 7, ambayo ni jiwe zuri kwa kipimo chochote. Kabla ya Septemba 1949, wakia moja kwa fedha ya huku ilikuwa kama shilingi 172. Wakia ina gramu 31 na ushei, kwa hiyo gramu ilikuwa shilingi tano na nusu, na tani yetu nzima ikaleta kama shilingi 39. Kutoka kwenye hizo 39 ulipe baruti, ulipe magogo, ulipe mafuta ya mashine, ulipe kinu, sianidi, mshahara wa meneja na posho ya kibarua, na zile pampu. Septemba 1949 Uingereza ikashusha thamani ya pauni kutoka dola 4.03 hadi 2.80, na kwa kuwa shilingi yetu ilifungwa kwenye pauni, wakia ikafika shilingi 250 hivi. Tani ileile ikaleta shilingi 56. Migodi yote ya himaya ya sterlingi ikapata pumzi. Lakini mwaka uliofuata vita vya Korea vikaanza, bei za chuma, mafuta na mashine zikapanda, na ile nyongeza ikaliwa. Dhahabu yenyewe ikabaki palepale, dola 35, kwa kuwa makubaliano ya Bretton Woods ya mwaka 1944 yalikuwa yameifanya kuwa nguzo ya fedha za dunia. Mkulima wa kahawa wa Rungwe aliona bei yake ikipanda miaka ile. Mwenye mgodi hakuwa na wa kumwomba nyongeza.

Naamini hapa ndipo uelewa wetu unapokwama. Tunasema "dhahabu imeisha" kana kwamba tunazungumzia debe la mahindi. Mchimbaji wa Makongolosi anajua zaidi kuliko maneno yetu, maana yeye hasemi jiwe lina dhahabu au halina. Anasema jiwe linalipa au halilipi. Hilo ndilo neno sahihi, na ndilo wahandisi wa migodi wanalolizungushia mahesabu yao yote. Kwenye mwamba uleule kuna sehemu zenye gramu 15, kuna za 7, kuna za 3, na nyingi za gramu moja. Bei na gharama ndizo zinazochora mstari: juu ya mstari ni dhahabu, chini yake ni mawe tu. Bei ikishuka, au gharama ikipanda, mstari unasogea na mgodi unapungua bila hata kipande kimoja kutolewa. Kwa dola 4,000 za Oktoba 2025, gramu moja ni kama dola 128. Kwa dola 35 ilikuwa dola moja na senti 12. Mtu ataniambia dola ya leo si dola ya 1950, na ni kweli. Zile dola 35 zina uzito wa kama dola 450 za sasa. Lakini hata ukihesabu hivyo, tani ya gramu 7 ya enzi za Saza ilikuwa na thamani ya kama dola 100 za leo, wakati tani ya gramu moja, ambayo mzee wa Saza angeitupa kwenye kifusi bila kuitazama mara mbili, leo inazidi hapo.

Kwa hiyo wanaosema mgodi uliisha wana sehemu ya ukweli, na sipendi kuwanyima. Mwamba wa Lupa hukata. Unaufuata mita hamsini unalipa, ghafla unakuwa mwembamba kama kamba, au unakatwa na ufa na kusogezwa pembeni, na huna uhakika kama mbele utaupata tena. Kampuni yenye fedha huchimba kuutafuta. Kampuni iliyobanwa na bei haina fedha ya kutafuta, inakula ilichokwisha kukiona. Inawezekana kabisa kwamba siku ya kufunga, watu wa Saza hawakuwa na jiwe zuri la kutosha mbele ya macho yao. Ila kutokuwa nalo mbele ya macho ni tofauti na kutokuwepo. Geita ilifungwa mwaka 1966 kwa maelezo ya namna hiyo, na mwaka 2000 ukafunguliwa hapo mgodi ambao umekuwa miongoni mwa mikubwa barani Afrika. Na jirani na Saza yenyewe, mgodi wa New Luika ulianza kutoa dhahabu mwaka 2012, na mwaka 2017 ukaingia chini ya ardhi. Ardhi ni ileile, na miamba ni ndugu. Wenye mgodi hawakuwa na bahati kuliko wa 1956. Walikuwa na bei.

Hadithi ya pili, ya mali iliyofukiwa, ni dhaifu zaidi, lakini imeshaumiza watu wengi kiasi kwamba siwezi kuipita kimya. Ni tawi la ule mti mkubwa wa mali ya Mjerumani unaowafanya watu wachimbue makaburi na misingi ya maboma nchi nzima. Fikiria namna kampuni inavyoishi. Ina wanahisa wanaotaka gawio lao, ina madeni, ina mameneja wanaolipwa kwa kile kinachotoka. Mwenye jiwe la kulipa mkononi haliachi kwa ajili ya wajukuu wa mtu asiyemjua. Anachofanya mwenye mgodi unaokufa ni kinyume chake kabisa: anakwangua. Anarudi kwenye nguzo za mawe zilizoachwa kushikilia paa la mgodi, anazitoa, kwa sababu nazo zina dhahabu, na anaondoka paa likiwa halina kitu cha kuliegemeza. Kwa hiyo yule anayeingia mashimo ya zamani akitafuta chumba kilichofungwa chenye matofali ya dhahabu, mara nyingi anaingia mahali palipokwanguliwa na kuachwa bila nguzo. Na mashimo yaliyozibwa yalizibwa kwa sababu ambayo mfugaji yeyote wa Saza ataielewa: ng'ombe na watoto hutumbukia.

Kuna hoja ya tatu ambayo husikika kwa watu waliosoma, na hii ina nguvu kuliko zote. Wanasema tazama kalenda. TANU ilizaliwa Julai 1954. Mwaka huohuo ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulizunguka Tanganyika, na taarifa yake ikasema nchi inaweza kujitawala ndani ya miaka 20 hadi 25. Kenya kulikuwa na vita vya Mau Mau. Mtaji ni mwoga, na kufikia 1956 ulikuwa umeshaona uhuru unakuja, ukafunga virago. Siwezi kusema siasa hazikugusa mioyo ya wenye fedha. Lakini hoja hii ikipimwa kwa migodi mingine inaregea. Geita iliendelea mpaka 1966, miaka mitano baada ya bendera yetu kupanda. Rosterman kule Kakamega ilifungwa mwaka 1952, mwaka ambao Wazungu wengi wa Kenya bado waliamini nchi ni yao milele. Na nenda mbali zaidi, mahali pasipo na TANU wala Mau Mau. Canada ilipitisha sheria mwaka 1948 ya kuilipa migodi yake ya dhahabu ruzuku ili isifungwe. Australia ikafanya hivyo mwaka 1954. Serikali mbili tajiri, zenye miamba mizuri na siasa tulivu, ziliingia mfukoni kuokoa migodi yao. Kwangu huu ni ushahidi unaotosha: ugonjwa ulikuwa wa dunia nzima, na jina lake lilikuwa dola 35.

Jambo ambalo hesabu hii ya bei haipaswi kulifunika ni nani aliyebeba mzigo ule kwa muda wote mgodi ulipokuwa hai. Babu yangu mzaa mama alitoka Rungwe kwa miguu kwenda Lupa akiwa kijana ambaye hajaoa, na alichokisimulia mpaka anafariki hakikuwa dhahabu. Kilikuwa vumbi, na unga. Vumbi jeupe la mawe lililokaa kwenye kope, kooni na kwenye mashuka, na unga wa posho uliopimwa kwa kopo kila Jumamosi. Mshahara wa kibarua wa enzi ile ulipangwa kwa mtu mmoja asiye na mke wala mtoto, kana kwamba wale maelfu waliota porini. Mke aliyebaki Rungwe akilima migomba na maharage ndiye aliyewalisha watoto, na ndiye aliyempokea mume akirudi anakohoa. Ukiuliza kampuni ilijaziaje pengo kati ya bei iliyosimama na gharama iliyopanda kwa muda wote ule, sehemu kubwa ya jibu iko kwenye shamba la mama yule. Dhahabu ya Lupa ililipiwa ruzuku pia, ila aliyelipa hakuwa serikali.

Na mzigo huo nao ulifika mahali ukakataa kubebwa. Baada ya vita, kijana wa nyanda hizi alikuwa na pa kwenda. Mashamba ya mkonge yalitafuta watu. Mpango wa karanga ulioanza 1947 ulitafuta watu. Migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini ilikuwa ng'ambo tu ya mpaka. Na Wenela, shirika la kuandikisha vibarua wa migodi, ilikuwa ikichukua wanaume wa Nyanda za Juu Kusini kwenda kuchimba dhahabu ya Afrika Kusini, mpaka serikali ya uhuru ilipokata mkataba ule. Kuna uchungu ndani ya jambo hili ambao hauandikwi vya kutosha: watu wa Rungwe na Mbozi wakipanda ndege kwenda kuchimba dhahabu ya wengine kilomita elfu mbili na zaidi, huku mgodi ulioko upande wa pili wa mlima ukizidi kushindwa kulipa. Kampuni iliyozoea kuishi kwa kazi ya bei rahisi haikuwa na namna ya kushindana nao.

Kwa nini basi Saza haikurudi bei ilipofunguka? Mfumo wa dola 35 ulivunjika kati ya 1968 na 1971, na Januari 1980 wakia ilifika dola 850. Sisi tulikuwa wapi? Pampu za Saza zilizimwa mwaka 1956, na mgodi wa chini ya ardhi ukizimiwa pampu haulali ukingoje. Maji yanapanda ngazi kwa ngazi. Matimba yanaoza, reli zinaliwa na kutu, paa linashuka. Ndani ya misimu michache ya mvua, kitu kilichojengwa kwa miaka 17 kinakuwa kisima. Kukifufua unahitaji mtaji kama wa kuanza upya, pamoja na hatari ambazo mgodi mpya hauna. Na zaidi ya maji, tulikuwa tumepoteza watu. Fundi wa baruti wa mwaka 1956 alikuwa mkulima wa tumbaku au marehemu. STAMICO, shirika la madini la taifa, ilianzishwa mwaka 1972, sheria ya madini ikaja 1979, lakini wakati dunia inalipa dola 850 nchi yetu haikuwa na mgodi mkubwa wa dhahabu hata mmoja uliobaki hai kuipokea bei hiyo. Bei nzuri ilikuja miaka 24 baada ya mazishi. Hilo ndilo funzo la Saza linalonitia hofu zaidi, kwa sababu linasema bei ikianguka sasa hivi na kubaki chini miaka mitatu au minne tu, kitakachofungwa hakitafunguka kwa urahisi hata ikipanda tena.

Nalisema hili nikijua halitapendwa wakati huu ambapo kila mtu anahesabu. Tangu masoko ya madini yaanze mwaka 2019, dhahabu iliyokuwa ikipita gizani imeanza kuonekana, mrabaha unakusanywa na halmashauri zinapata ushuru wa huduma. Barabara ya lami imefika Chunya na kuvuka mpaka Makongolosi. Tangu Oktoba 2024 wachimbaji na wafanyabiashara wanatakiwa kutenga angalau asilimia 20 ya dhahabu kwa ajili ya kusafishwa na kuuzwa ndani, na Benki Kuu inanunua. Yote ni mema, na miaka ya 1930 hayakuwepo. Lupa ya wakati ule haikuacha akiba kwa Mtanganyika yeyote. Ila makadirio ya halmashauri yanayopangwa kwa bei ya dola 4,000 yanafanya kosa lilelile la mtu wa 1934 aliyedhani dola 35 ni neema ya milele. Zahanati ikijengwa kwa ushuru wa dhahabu, dawa na mshahara wa mganga vitahitajika hata mwaka ambao dhahabu imeshuka. Mfadhili anayemkopesha mwenye duara kwa hesabu ya bei ya leo ili washuke mita mia nyingine, akumbuke kwamba kila mita inayoongezeka inaongeza pampu, na kwamba duara refu ndilo la kwanza kufa bei ikiyumba. Wenye marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyokwisha kuchenjuliwa, na mashimo mafupi watapona. Waliofuata mwamba chini sana kwa fedha ya mkopo ndio watakaokwama.

Mbeya ilinusurika kifo cha Lupa, na inafaa kukumbuka kwa njia gani. Haikuwa kwa dhahabu. Maelfu ya watu wa Lupa walikuwa wanakula, na kula kwao kulifungua soko la mchele wa Usangu na Kyela, maharage na ndizi za Rungwe, ng'ombe wa Ufipa. Wakulima walijifunza njia ya soko, wenye maduka walijifunza kupeleka lori, na barabara zilipochongwa kwa ajili ya migodi zikabaki baada ya migodi. Saza ilipofungwa, mpunga haukufungwa. Chunya, iliyokuwa imeweka kila kitu kwenye mwamba, ilisinyaa kwa miongo mpaka tumbaku ilipoipa sababu nyingine ya kuwepo. Mtu anayeuza dona na nyanya Matundasi leo huenda anajenga kitu kirefu kuliko yule anayemuuzia, na sioni halmashauri ikimtazama kwa jicho hilo. Wenye magulio na wakulima wa pembezoni mwa machimbo wanatozwa, lakini fedha ya dhahabu hairudi kwao kama skimu ya maji ya kumwagilia au ghala.

Kuna suala moja ambalo haliwezi kusubiri mjadala wa bei, na ni lile la maji ya zamani. Wachimbaji wadogo wanaposhuka karibu na mashimo ya enzi ya ukoloni wanaufuata mwamba uleule uliofuatwa na kampuni, kwa kuwa mwamba ndio unaolipa. Mbele yao, nyuma ya ukuta wa mawe ambao unene wake hawaujui, kuna mahandaki yaliyojaa maji tangu 1956. Kijana anagonga nondo, baruti inalipuka, na kitakachoingia kwenye duara si cha kukimbiwa. Migodi ya kampuni ilichorwa ramani, ngazi kwa ngazi, kwa sababu hakuna anayeweza kuendesha mgodi wa chini bila ramani. Idara ya Jiolojia ilianzishwa Dodoma mwaka 1925, na taasisi iliyoirithi, GST (Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania), ndiyo inayotunza kumbukumbu za kijiolojia za nchi hii. Tume ya Madini inajua kila leseni ndogo ilipo na mipaka yake. Kinachotakiwa ni kuweka karatasi hizo mbili juu ya meza moja, kuchora mstari mwekundu kuzunguka kila shimo la kale lenye maji, na kuubandika mchoro huo kwa Kiswahili kwenye ofisi ya kijiji na pale mwaloni wanapochenjua, kabla ya mvua za masika kuongeza maji mengine juu ya yale yaliyokwisha kujaa.